Moto wa Nyiragongo: Je, ni Azabu?

Tukisimama Kibati, kwenye njia ya Goma kwenda Rutshuru, tunaona Nyiragongo mbele yetu. Tangu 1977 mlima huo umeleta msiba mara tatu. Wakristu wanatuuliza: Je, ni azabu ya Mungu? Tuangalie kwanza mambo yenyewe.

Tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 1977, mbavu za mlima zilipasuka. Ziwa la moto lililojaa shimoni mwake likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Mawe yake yaliyoyeyuka hukimbia kama maji; watu wengi hawakuwahi kutoka.

Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002, moto ulipita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu, ukaharibu hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Siku chache baadaye, wengine wakafa wakichota mafuta kwenye kituo kilicholipuka.

Tarehe 22 ya mwezi wa tano 2021, moto ulishuka tena jioni, bila watu kuonywa mbele. Wengine waliuawa na ajali njiani walipokuwa wakikimbia.

Basi, mlima hutoa moto, lakini si moto peke yake unaoua. Watu walirudi kujenga juu ya mawe meusi, kwa kuwa vita na umaskini viliwanyima mahali pengine. Wale walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosefu kupita wengine. Na hawa vile vile. Tusiwahukumu. Tuwafundishe watoto njia ya kukimbilia, tena tuwaombe wakubwa waonye mapema: hayo ndiyo mapendo ya jirani.