Wastani Unapoificha Haki

Haki si neno la mahakamani peke yake. Mwaka 2007 Ingo Molnár wa Hungaria aliutungia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi duniani, programu ya kupanga zamu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: kazi iliyopata muda mdogo zaidi wa prosesa ndiyo itangulie. Ikaitwa ya haki kabisa.

Lakini kompyuta kubwa ina prosesa nyingi, kila moja na foleni yake. Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa, Uswisi na Kanada walionyesha kuwa baadhi ya prosesa zilikaa bure huku kazi zikisubiri kwenye foleni nyingine. Sababu mojawapo ilikuwa wastani. Mzigo ulilinganishwa kwa makundi. Prosesa moja yenye kazi nzito ilipandisha wastani wa kundi lake, na jirani zake zisizo na kazi zikahesabiwa kuwa zinayo ya kutosha. Dawa waliyotoa: tazama prosesa yenye mzigo mdogo kuliko zote.

Kosa hilo tunalijua. Tajiri mmoja kijijini, na takwimu husema wote wana nafuu. Mgawaji wa haki huanza kwa aliye mkiani.