Maziwa lala au yai la kuchemsha: Kipi kitangulie mezani?

MZAZI aliyebakisha pesa za kununulia kitu kimoja tu cha kuongezea ugali na sukuma wiki hukabiliwa na swali gumu anapofika dukani jioni: je, achukue pakiti ya maziwa lala au anunue mayai akayachemshe?

Swali hilo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya (KDHS) wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 26 mnamo 2014. Hali imeimarika, ila bado karibu mtoto mmoja kati ya watano ni mfupi kuliko inavyostahili umri wake, na lishe duni ni mojawapo ya sababu kuu.

Wengi hulijibu swali hili kwa mazoea. Wapo wanaoamini kuwa maziwa ni chakula kamili, na wapo wanaoshikilia kuwa yai ndilo lenye nguvu. Ukweli ni kwamba vyakula hivi hukaribiana katika jambo moja tu, yaani protini. Katika mengine, kinachokosekana katika kimoja aghalabu hupatikana katika kingine.

Maziwa lala ni nini?

Haya ni maziwa yaliyogandishwa na bakteria wasio na madhara. Bakteria hao hula sehemu ya sukari ya maziwa, iitwayo laktosi, na kuigeuza kuwa asidi. Asidi hiyo ndiyo huyafanya maziwa kuwa mazito na machachu baada ya kuachwa 'yalale' usiku kucha. Mursik ya jamii ya Wakalenjin, ambayo huhifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya miti maalumu, ni ya ukoo huo huo.

Kuganda hakupunguzi protini wala madini ya maziwa. Faida kubwa inayoongezeka ni kuwa laktosi hupungua. Watu wazima wengi barani Afrika hupata gesi na kuendesha wanywapo maziwa mabichi au ya kuchemsha, kwa kuwa miili yao haimeng'enyi sukari hiyo vyema. Wengi wao huyavumilia maziwa lala bila shida.

Vinavyolingana na visivyolingana

Glasi ya mililita 200 ya maziwa lala yasiyoondolewa mafuta wala kuongezwa sukari huwa na takriban gramu 6.5 za protini, gramu 6.5 za mafuta na kalori 120 hivi. Yai moja kubwa la gramu 50 lililochemshwa huwa na gramu 6 za protini, gramu 5 za mafuta na kalori 78. Mayai ya kuku wa kienyeji kwa kawaida ni madogo, hivyo viwango vyake kwa kila yai huwa chini kidogo.

Kwa protini, basi, glasi moja na yai moja ni karibu sawa, na protini zote mbili ni za hali ya juu. Zina viambajengo vyote ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, vikiwemo vile ambavyo mahindi yana upungufu wavyo. Ndiyo maana kiasi kidogo cha chochote kati ya hivi viwili huufaidi sana mlo wa ugali au uji.

Tofauti huanza kwenye madini. Glasi hiyo ya maziwa ina zaidi ya miligramu 230 za kalisi, madini yanayojenga mifupa na meno. Yai lina miligramu 25 tu, kwa sababu kalisi nyingi ya yai imo katika ganda linalotupwa. Ili mtu apate kalisi ya glasi moja ya maziwa kutoka kwa mayai, atalazimika kula mayai tisa au zaidi. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku.

Yai nalo lina yake. Kiini chake kina takriban miligramu 147 za kolini, kirutubisho kinachohitajika katika ukuaji wa ubongo. Kiasi hicho hupatikana katika glasi tano hivi za maziwa. Yai pia lina vitamini D, ambayo ni adimu katika maziwa yasiyoongezwa virutubisho, pamoja na vitamini A.

Kuhusu madini ya chuma, yai lina kiasi kidogo, takriban miligramu 0.6, nayo maziwa karibu hayana kabisa. Isitoshe, chuma cha yai hakifyonzwi vyema mwilini. Anayekabiliwa na upungufu wa damu asitegemee yai wala maziwa. Anafaa kutafuta nyama, maini, dagaa au maharagwe, na kuyala pamoja na matunda yenye vitamini C. Vitamini hiyo haimo katika yai, na katika maziwa ni kidogo mno. Chungwa, pera au mboga za majani zitahitajika hata pale ambapo vyote viwili vipo mezani.

Namna ya kutayarisha

Baadhi ya watu huamini kuwa yai bichi lina nguvu kuliko lililopikwa. Imani hiyo haina msingi. Mwili huweza kutumia takriban asilimia 90 ya protini ya yai lililopikwa, lakini karibu nusu tu ya protini ya yai bichi. Ute wa yai bichi pia una kitu kinachozuia mwili kufyonza biotini, mojawapo ya vitamini za kundi B, na kupika hukiharibu. Zaidi ya hayo, yai bichi laweza kubeba bakteria wa salmonela wanaosababisha kuhara na homa.

Yai lichemshwe hadi ute na kiini vigande. Jijini Nairobi na katika maeneo mengine ya nyanda za juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo yai huchukua muda mrefu kidogo kuiva kuliko Mombasa. Utando wa kijani unaozunguka kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi hauna madhara. Yai la kukaanga hubakia na virutubisho vyake vingi, ila mafuta ya kukaangia huongeza kalori.

Maziwa nayo yachemshwe kabla ya kugandishwa. Uchachu hautoshi kuua viini vya kifua kikuu cha ng'ombe wala vya bruselosisi, ugonjwa unaoleta homa ya kurudirudi na maumivu ya viungo. Vyombo visafishwe vyema. Kwa maziwa ya dukani, msomaji aangalie maandishi ya pakiti, kwani mengine huongezwa sukari nyingi.

Ikumbukwe pia kuwa chai ya maziwa si mbadala wa glasi ya maziwa. Kikombe cha chai huwa na maziwa kidogo, na majani ya chai huzuia mwili kufyonza chuma kutoka kwa vyakula vya mimea vinavyoliwa wakati huo.

Utafiti wasemaje?

Kati ya 1998 na 2000, watafiti waliwapa wanafunzi wa darasa la kwanza wilayani Embu githeri shuleni. Kundi moja lilipewa githeri na nyama, jingine githeri na maziwa, na la tatu githeri iliyoongezwa mafuta. Kundi la nne halikupewa chakula. Kiwango cha vitamini B12 kiliimarika kwa waliopata nyama na kwa waliopata maziwa. Miongoni mwa waliokuwa wamedumaa, waliopewa maziwa walirefuka zaidi, huku waliokula nyama wakifanya vyema zaidi katika mtihani wa kupima uwezo wa kufikiri. Mayai hayakujumuishwa katika jaribio hilo.

Kuhusu mayai, utafiti uliochapishwa 2017 kutoka Ecuador ulionyesha kuwa watoto waliopewa yai moja kila siku kwa miezi sita, kuanzia umri wa miezi 6 hadi 9, walidumaa kwa kiwango cha chini mno wakilinganishwa na wenzao. Jaribio kama hilo nchini Malawi, matokeo yake yakitolewa 2019, halikupata tofauti hiyo kwa jumla. Watoto wengi wa Malawi walikuwa tayari wakila samaki.

Funzo ni kwamba chakula kizuri husaidia zaidi pale kinapojaza pengo. Kikiongezwa juu ya kilichopo tayari, faida hupungua.

Nani ale nini?

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Kuanzia hapo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 unapendekeza kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama vile nyama, samaki au mayai. Kwa mtoto ambaye bado ananyonya, yai lililoiva na kupondwa ndilo litangulie, kwa kuwa maziwa tayari anayapata kwa mama. Aanze na kiasi kidogo, mzazi akichunguza dalili za mzio.

Mtoto aliyeachishwa kunyonya na yule wa shule ya msingi, ambaye mifupa yake inarefuka, huhitaji kalisi isiyopatikana kwa urahisi katika ugali. Kwake, maziwa lala yana nafasi ya kwanza ikiwa hapati maziwa mengine, na mayai yafuate mara kadhaa kwa wiki. Mama mjamzito anahitaji vyote viwili: kalisi ya maziwa na kolini ya yai.

Wazee watanufaika na maziwa kwa ajili ya mifupa. Walio na ugonjwa wa kisukari au wa moyo wamwulize daktari idadi ya mayai inayowafaa, kwa kuwa kiini kimoja kina takriban miligramu 186 za lehemu.

Mzazi anayesimama dukani jioni, basi, na ajiulize kwanza ni nini ambacho mtoto wake hajala wiki hii. Ikiwa maziwa yalikuwepo jana, leo anunue mayai. Ikiwa ni mayai yaliyoliwa, achukue maziwa lala. Kwa kupokezana hivyo, pesa zile zile zitamletea mtoto mengi zaidi kuliko zikinunua kitu kimoja kila siku.