Fundi wa zamani hakungoja kit

Vijana wenzangu wa Lobule, na nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, leo tuongee historia ya chuma. Kila mara mafunzo ya kuchomelea yakiisha, swali ni moja: "Kit iko wapi?" Isipokuja, kijana anakaa tu na cheti chake. Swali si baya. Lakini mafundi wa pande hizi walianza namna ingine.

Mwaka 1870 msafiri Mjerumani, Georg Schweinfurth, alifika kwa mfalme Mbunza wa Wamangbetu, huko Uele, Kongo. Wengi wetu tunaijua njia ya upande ule. Alikuta wahunzi wanafua visu vilivyopinda kama mundu, mikuki na minyororo, akaisifu sana kazi yao. Sasa angalia vyombo vyao. Mvukuto ulikuwa vyungu vya udongo, na juu yake, badala ya ngozi, walifunika majani ya mgomba yaliyolainishwa. Ndiyo, majani ya mgomba! Na kwa chombo hicho walipata moto wa kulainisha chuma.

Chuma chenyewe kilikuwa mali. Kwa Waacholi, jembe lilitolewa hata mahari.

Baadaye majembe ya kiwanda yalikuja kwa bei rahisi, na mhunzi akabaki kutengeneza ya watu. Kisha mwaka 1972 Idi Amin, Mkakwa wa huku kwetu, akawapa Waasia siku 90 watoke Uganda. Maduka yakafungwa, spea zikakosekana. Mafundi wa Katwe kule Kampala wakaanza kutengeneza spea wenyewe kutoka vyuma chakavu. Wa Nairobi, wale wa jua kali, nao walifanya hivyo hivyo pale Kamukunji na Gikomba, hata kama wao hawakufukuziwa mtu.

Amin alipoangushwa 1979, watu wa Koboko na Arua walikimbilia Kongo na Sudani. Tusisahau hiyo: wenyeji wetu walikuwa wakimbizi kwetu kabla sisi hatujawa wakimbizi kwao, Lobule, kuanzia 2013. Mtu anayekimbia habebi fuawe, ni mzito. Anabeba nyundo, koleo, na ujuzi. Fuawe atapata kwa kipande cha reli au jiwe gumu, na springi ya lori iliyokufa itamzalia panga au jembe.

Kuchomelea ndiyo kugumu, kwa sababu kunataka stima. Ile mashine si uchawi: ni bamba za chuma zilizozungushiwa waya wa shaba, inashusha volti na kupandisha ampea. Mafundi wa jua kali wanaizungusha wenyewe. Lakini bila laini ya stima unaendesha kwa jenereta, na petroli inakula faida yote ya geti moja.

Kikundi kimoja ninachokijua kilipewa mashine moja kwa watu kumi. Ikakaa stoo. Kilichowalisha ni nyundo, tindo na msumeno wa chuma: majiko ya makaa kutoka madebe, mikebe ya kumwagilia, bawaba za milango, kunyoosha majembe ya wenyeji wakati wa kulima. Sasa wanakodi jenereta siku wakiwa na oda tatu au nne pamoja, si kila siku.

Na wale mnaochomelea na miwani ya jua ya sokoni: haizuii ule mwanga. Usiku macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu, nunueni kinyago kwanza.