Masafa Mafupi, Safari Ndefu: Historia ya Antena za Kigali na Funzo Lake kwa Busanza

Katika Kiswahili cha utangazaji, mawimbi ya redio yanayovuka bahari na mabara yamezoeleka kuitwa "masafa mafupi". Jina hilo lina utata. Neno masafa hubeba maana ya umbali, kama katika makombora ya masafa marefu. Vilevile hubeba maana ya idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, kama linavyotumiwa na mamlaka za mawasiliano. Kilicho kifupi hapa ni urefu wa wimbi, si mwendo wake. Historia ya Kigali inaonyesha kwamba wimbi lilelile laweza kufika mbali au karibu kutegemea umbo, kimo na mwelekeo wa antena. Kwa hiyo, istilahi isiyotenganisha mambo hayo huwapotosha watunga sera.

Ushahidi wa kwanza ni kilima cha Kinyinya. Kuanzia mwaka 1965 hadi Machi 2015, Sauti ya Ujerumani, yaani Deutsche Welle, ilikuwa na kituo cha kurushia matangazo mahali hapo, chenye mitambo ya kilowati 250. Antena zake kubwa zilikusanya nguvu na kuzielekeza upande uliochaguliwa, kwa pembe ya chini, ili mawimbi yarudishwe ardhini na tabaka la ionosfia yakiwa yamekwenda mbali. Kwa miaka 50, matangazo ya Kiswahili yalikuwa miongoni mwa yaliyosafiri kwa njia hiyo. Hivyo, mipaka ya usikivu wa Kiswahili ilichorwa pia na mafundi wa antena, si na wanahabari peke yao.

Ushahidi wa pili ni redio za ridhaa, ambazo waendeshaji wake huwasiliana kwa leseni na pasipo biashara. Vituo vya Rwanda hutambulishwa kimataifa kwa alama ya 9X. Aghalabu mwendeshaji hutumia wati 100 tu, sehemu moja ya 2,500 ya mtambo mmoja wa Kinyinya. Upungufu huo hufidiwa na antena. Anayetafuta Ulaya au Asia huinua antena ya Yagi, iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na kuigeuza upande anaoutaka. Anayetafuta majirani hufanya kinyume: hutandaza waya wa mita 20 hivi, unaofaa megahezi 7, mita chache tu juu ya ardhi. Mawimbi hupanda karibu wima, kisha hurudi na kuenea katika eneo la mamia ya kilomita kuzunguka kituo.

Njia hii ya pili inaifaa nchi ya vilima elfu. Redio za mkononi huzuiwa na vilima, lakini wimbi linaloshuka kutoka juu huingia hata mabondeni. Goma, Bukavu na Bujumbura zote zimo ndani ya kilomita 200 kutoka Kigali. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021, na mafuriko na maporomoko yalipoua zaidi ya watu 130 kaskazini na magharibi mwa Rwanda Mei 2023, ilidhihirika tena kwamba ukanda huu unahitaji mawasiliano yasiyotegemea minara ya simu pekee.

Busanza, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro, inaliweka suala hili katika mizani. Mtaa huo uko jirani na uwanja wa ndege, ambako kimo cha milingoti hakiwezi kuachwa bila udhibiti. Humo pia zimo nyumba za ghorofa zilizojengwa kuwahamishia wakazi wa Kangondo na Kibiraro. Katika makazi ya namna hiyo, mtu binafsi hana uwanja wa kutandaza waya. Hata hivyo, antena ya duara yenye kipenyo cha mita moja hivi, inayorekebishwa kwa kapasita, huweza kufanya kazi barazani kwa megahezi 14. Ina gharama yake: upana wake wa masafa ni mdogo, na kapasita hubeba volti maelfu wakati wa kurusha, hivyo haifai kuguswa. Kanuni inayopiga marufuku "antena" kwa neno moja ingeuweka mlingoti mrefu na duara hilo katika kapu moja.

Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na kanuni za ukanda zinazidi kuhitaji kuandikwa kwa lugha hiyo. Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, "mawimbi mafupi" yachukue nafasi ya "masafa mafupi". Pili, katika nyaraka za kiufundi, masafa yabaki kuwa mitetemo, na umbali uitwe umbali. Tatu, kanuni za ujenzi na za mawasiliano zizitaje antena kwa kimo, ukubwa na kazi yake. Bila utengano huo, milango itafungwa kwa vifaa visivyo na madhara, na siku ya maafa vitakosekana.