Basi la Mugunga na Ndege za Usiku

Novemba 1996, kambi ya Mugunga ilipovunjika na watu kurudi Rwanda kwa miguu maelfu kwa maelfu, waandishi wa habari waliingia pale wakakuta basi limeachwa. Ndani kulikuwa na karatasi. Wenyewe, wanajeshi wa serikali iliyoshindwa, walikimbia na bunduki wakazisahau karatasi. Zilikuwa ankara na barua za kampuni iitwayo Mil-Tec, iliyoandikishwa Isle of Man. Zilionyesha silaha za zaidi ya dola milioni 5 zilizouzwa kati ya Aprili na Julai 1994 kwa serikali ambayo wakati huohuo ilikuwa inaua watu wake. Mzigo ulipakiwa Albania na Israeli, ukashushwa Goma. Uingereza ilipochunguza ikakuta kwamba amri yake ya vikwazo ilikuwa haijafika kwenye kile kisiwa. Basi, ikaishia hapo.

Ninaanza na basi hilo kwa sababu ya vijana wetu hapa Kabuga. Wanataka kutengeneza filamu ya kijasusi, bila kampuni, bila mfadhili, kwa simu mbili na kamera ya kuazima. Habari yenyewe: nchi moja inajiingiza kisirisiri kwenye vita vya jirani. Waliniletea daftari nisome kwa kuwa niliwahi kufundisha historia, na nchi waliyoiandika ni Ufaransa. Sawa. Ufaransa ina ya kujibu. Iliifundisha na kuipa silaha jeshi la Habyarimana tangu Oktoba 1990, na tume ya Duclert ya Wafaransa wenyewe ilisema Machi 2021 kwamba nchi yao inabeba dhamana nzito, ingawa haikuona ushahidi wa kushiriki mauaji. Miezi miwili baadaye Macron alikuja Gisozi. Hayo yameandikwa sana. Lakini niliwauliza: ndege zilitua wapi? Nani aligonga muhuri? Wakanyamaza. Kwa sababu jibu ni kwetu. Ni Zaire.

Hebu tuifuate polepole, maana hapa ndipo penye utamu na uchungu wake. Tarehe 17 Mei 1994 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 918 la kukataza silaha kuingia Rwanda. Mwanzoni mwa Juni mtu anashuka kwenye ndege Ushelisheli. Ni Kanali Théoneste Bagosora, aliyekuwa mkurugenzi katika wizara ya ulinzi ya Rwanda. Yuko pamoja na Willem Ehlers, Mwafrika Kusini aliyewahi kuwa katibu wa P. W. Botha. Serikali ya Ushelisheli ilikuwa na silaha ilizozikamata 1993 kwenye meli iitwayo Malo, zilizokuwa zinapelekwa Somalia, na ilitaka kuziondoa. Bagosora hakusema anatoka Rwanda. Alijitambulisha kama mjumbe wa Zaire, akatoa cheti cha Zaire kinachosema kwamba silaha zitatumiwa na jeshi la Zaire. Karatasi moja tu, ndugu zangu. Bila ile karatasi, bunduki zingebaki bohari.

Ndege ilikuwa DC-8 ya Air Zaïre. Iliruka safari mbili kutoka Mahé, usiku wa tarehe 16 na usiku wa tarehe 18 Juni, ikashusha Goma tani kama 80: bunduki za AK-47, maguruneti, mabomu ya mota. Mpakani hadi Gisenyi si mbali, mtu anatembea. Ushelisheli ililipwa dola 330,000 hivi. Kwenye akaunti ya Ehlers huko Uswisi zilikuwa zimeingia zaidi ya milioni 1.3 kutoka benki ya BNP ya Paris, na ndiyo sababu mwaka 2017 mashirika matatu yalipeleka malalamiko mahakamani Ufaransa dhidi ya benki hiyo. Malalamiko si hukumu, vijana wasiandike kana kwamba ni hukumu. Ila tofauti ya 330,000 na milioni 1.3, hiyo mtoto wa darasa la nne anaweza kuipiga hesabu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mbili, tukikaa Birere, chini ya uwanja wa ndege. Sisi watoto wa Birere tulikuwa tunajua ndege kwa mlio. Zile za usiku tulizisikia, na hakuna mtu mzima aliyesema chochote. Mama alisema tulale. Siku chache baadaye zikaja nyingine mchana kweupe, kubwa zaidi, za Wafaransa wa Operesheni Turquoise, kwenye uwanja uleule. Katikati ya Julai watu wapatao 850,000 wakaingia Goma kwa siku nne au tano, kisha kipindupindu. Ardhi ya kwetu ni mawe ya volkano, jembe haliingii. Makaburi yalichimbwa kwa tingatinga. Wafanyakazi wa misaada wanaosoma hapa wamesoma juu ya Goma kwenye mafunzo yao. Mafunzo mengi huanza na kipindupindu. Mimi ningeanza mwezi mmoja nyuma, kwenye ile DC-8.

Maana silaha hazikufa na kipindupindu. Human Rights Watch waliandika Mei 1995 kwamba jeshi lililoshindwa linajipanga upya na kuletewa silaha ndani ya Zaire. Septemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ukaunda tume ya kuchunguza. Ushelisheli ikafungua mafaili. Zaire ikakana. Na wakati wanakana, Masisi ilikuwa inawaka, na familia zilizokuwa na ng'ombe asubuhi zilikuwa wakimbizi jioni. Kiziba ikafunguliwa Desemba 1996. Waliokuwa Mudende hawahitaji nieleze: kambi ile ilivamiwa Agosti 1997, ikavamiwa tena Desemba. Hakuna anayeweza kufuata risasi moja kutoka Mahé hadi hema la mtu. Lakini ukikaa mbele ya afisa wa HCR akakuuliza «kwa nini ulikimbia?», fomu ina nafasi ya kundi lililokushambulia. Nafasi ya mtu aliyegonga muhuri haimo.

Kuna mzee mmoja wa kwetu alinikemea niliposema haya. Eti ninawapa wengine sababu ya kutuingilia. Ninamwelewa. Vita vya 1996 navyo vilikuja kwa siri: Zaire ililia kwamba imevamiwa, Kigali ikakana, hadi Julai 1997 Paul Kagame, wakati huo makamu wa rais na waziri wa ulinzi, alipoliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza ile kampeni, akitaja kambi zile kuwa tishio. Katika habari hii kila nchi ilikana kwanza. Sasa mimi Mkongomani nikikana ya kwangu, nitamdai nani ukweli?

Na tuko Kabuga. Mgeni akisikia jina hufikiria yule tajiri Félicien Kabuga, aliyekamatwa karibu na Paris Mei 2020. Hapa ni mahali, hapahusiani naye. Lakini mahali hapa pana lake. Mwaka 2018 yaligunduliwa makaburi ya halaiki chini ya nyumba za watu, karibu robo karne baada ya mauaji, na Mei 2019 mabaki ya zaidi ya 80,000 yalizikwa kwa heshima Nyanza ya Kicukiro. Watu walikuwa wamelala juu yao, wengine wakijua. Kwa hiyo niliwaambia vijana: msikimbie barabarani na bunduki za mbao. Jirani yenu mama wa duka hatalala. Filamu yenu haihitaji mlio wa risasi hata mmoja. Inahitaji meza, kalamu, wino wa muhuri, chumba cha hoteli chenye feni, na mlio wa ndege usiku.

Wamekubali, baada ya ubishi. Bagosora wamempata, kijana mrefu wa Masaka. Ehlers atachezwa na sauti ya simu tu, mzungu hatuna. Shida ni afisa wa Zaire anayetoa cheti. Hakuna anayetaka sura yake ionekane ikifanya vile. Nimesema nitamcheza mimi. Abacost ya marehemu baba bado ninayo, inabana kidogo tumboni.