Kigoda cha Bibi: Historia ya Vigoda vya Zamani na Jinsi ya Kuvichagua



Siku hizi katika sebule nyingi za mjini utakuta kigoda cha zamani kimewekwa pembeni ya kochi, wengine wakikikalia, wengine wakiweka juu yake sinia la kahawa. Vijana wanavitafuta, na maduka yanavileta. Ni jambo la kufurahisha. Lakini sisi tumeamua kuandika makala haya kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa nacho kimoja, tukakiuza.

Kilikuwa cha bibi mzaa baba. Kilikuwa na miguu mitatu, kimechongwa kutoka gogo moja, na ufa wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Bibi alikikalia akisonga ugali, akichambua mboga, na jioni akitusomesha alifu kwa kijiti. Baada ya yeye kufariki alipita mnunuzi wa vitu vya kale, akatupa bei ya viti viwili vya plastiki. Tukaona tumepata faida. Viti vile vya plastiki vilipasuka kabla mwaka haujaisha, na kigoda cha bibi hatukukiona tena.

Kigoda ni heshima

Kwa wazee wetu huku Maniema, na kwa jirani zetu pande zote za Maziwa Makuu, kigoda hakikuwa pambo. Mgeni akifika, jambo la kwanza ni kumpa pa kukaa. Kule pwani kuna kigoda kingine maarufu, mbuzi ya kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno. Anayekuna hukikalia, na nazi ikateremka kwenye bakuli.

Neno lenyewe limebeba cheo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha nafasi ya uprofesa kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, kiliiita Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Haikuitwa kiti, iliitwa kigoda.

Kigoda cha wafalme wa Waluba

Kusini ya Maniema, katika nchi za Mto Lualaba, kulikuwa na ufalme mkubwa wa Waluba. Kigoda cha mfalme wao kilichongwa kwa umbo la mwanamke anayebeba kikalio juu ya kichwa na mikono yake. Kilikuwa alama ya utawala, na kwa itikadi yao ya jadi kilihusishwa na roho za wafalme waliotangulia. Kwa hiyo hakikukaliwa ovyo. Kilifungwa katika kitambaa cheupe na kuhifadhiwa katika kijiji kingine, ili kisiibwe wala kuvunjiwa heshima.

Leo vigoda vya namna hiyo vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Baadhi vilichongwa na fundi ambaye wataalamu walimwita Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji ambako kazi zake zilipatikana. Kigoda chake kimoja kiko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Kwa nini aitwe kwa jina la kijiji? Kwa sababu waliochukua vitu vile hawakuandika jina la aliyevichonga. Baadaye watafiti walitaja jina la Ngongo ya Chintu, lakini hata sasa vibao vingi vinasema Buli tu. Mtu amechonga kazi ya kushangaza dunia, na jina lake likabaki kijijini.

Njia ambazo vitu hivi viliondoka hazikuwa za aina moja. Vingine viliuzwa, vingine vilitolewa kama zawadi, na vingine viliporwa. Mwaka 1884 Émile Storms, afisa wa Kibelgiji aliyekaa Mpala kando ya Ziwa Tanganyika, aliwatuma watu wake kumshambulia mtawala Lusinga. Lusinga aliuawa, na sanamu ya ukoo wake pamoja na fuvu la kichwa chake vikapelekwa Ubelgiji.

Waashanti walikataa

Kisa kingine kinatoka Ghana. Mwaka 1900 gavana Mwingereza Frederick Hodgson alifika Kumasi, akadai aletewe Kigoda cha Dhahabu cha Waashanti ili akikalie. Hakujua kwamba hata mfalme wao hakikalii, kwa sababu kwao ndicho roho ya taifa. Mama mmoja mtawala wa Ejisu, Yaa Asantewaa, akawaongoza watu vitani. Alishindwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akafia huko mwaka 1921. Lakini kigoda kilikuwa kimefichwa, na Waingereza hawakukipata.

Siku hizi mlango wa kurudisha umeanza kufunguka. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mwaka 2024 makumbusho ya Fowler ya Los Angeles iliwarudishia Waashanti vitu saba, kimojawapo kikiwa kiti cha kifalme.

Ukitaka kununua

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kigoda cha zamani kwa ajili ya nyumba yako, zingatia haya:

1. Uliza kilikotoka. Kilikuwa cha nani, kijiji gani, na kwa nini kinauzwa? Muuzaji asiye na jibu, au anayekuambia kwa kunong'ona kwamba ni cha mfalme, mwache.

2. Kigeuze. Chini ya kikalio cha kweli utaona alama za tezo, zisizo sawa. Juu kutakuwa laini kwa kukaliwa miaka mingi, chini kutabaki kukavu. Miguu huwa imelika bila kulingana.

3. Kifute kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo. Kikitoa rangi, huenda kimepakwa rangi ya viatu au masizi ili kionekane cha kale.

4. Tazama matundu ya wadudu. Ukiona unga mpya unadondoka, wadudu wangali hai. Usikiweke karibu na mbao nyingine mpaka fundi akitibu.

5. Usiogope ufa ulioshonwa kwa waya au bati. Ni dalili kwamba mwenyewe alikipenda, akakitengeneza badala ya kukitupa.

6. Jihadhari na pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hata kiti cha kale chenye nakshi zake kinaweza kukuletea matatizo mpakani.

7. Fikiria watakaokikalia. Kiti cha mezani huwa na urefu wa sentimita 45 hivi, na vigoda vingi vya jikoni ni vifupi zaidi. Mzee mwenye maumivu ya magoti atapata taabu kuinuka.

Kwetu Waislamu kuna jambo la nane. Vigoda vyenye sanamu ya mtu, au vilivyotumika katika ibada za jadi, si vya kuingiza nyumbani bila kufikiri. Muulize kwanza mwanachuoni wa msikiti wako. Vile vya kawaida vya jikoni havina utata huo, na ni vizuri kwa macho.

Ukishakipata, usikipake vanishi wala usikioshe kwa maji mengi. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, basi.

Kabla ya kwenda dukani

Ombi letu la mwisho ni kwamba kabla hujanunua kigoda cha bibi wa mtu mwingine, ingia jikoni kwa bibi yako. Muulize nani alikichonga na alikipata lini. Enyi wanafunzi, andikeni jina la fundi na la mwenye kigoda kwenye karatasi, muihifadhi pamoja nacho. Fundi wa Buli hakuandikiwa. Aliyechonga cha bibi yetu naye hatukumuuliza jina, na leo hakuna aliyebaki wa kutuambia.

Wabillahi tawfiq.