Mzee Lelong na maneno yake matano

Oktoba 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, mzee wa miaka 84 alifikishwa kwa daktari wa upasuaji Paul Broca akiwa amevunjika mfupa wa paja. Kwa paja hilo Broca hakuwa na kubwa la kufanya. Kilichomshika ni kinywa cha mgonjwa. Mwaka uliotangulia Mzee Lelong alipatwa na kiharusi, na tangu siku hiyo akabakiwa na maneno matano tu: “oui” la kukubali, “non” la kukataa, “toujours”, yaani daima, jina lake mwenyewe lililokatika likawa “Lelo”, na “tois”, ambalo ni “trois”, tatu, lililodondosha herufi.

Broca alimhoji kwa subira na kuandika kila jibu. Una watoto? Oui. Wangapi? “Tois,” akasema mzee, huku ameinua vidole vinne. Wa kiume? “Tois,” vidole viwili. Wa kike? “Tois,” viwili tena. Akaonyeshwa saa: “tois” ile ile, lakini vidole kumi, na mshale kweli ulikuwa kwenye kumi. Umri wake aliutaja kwa vidole vinane, kisha vinne. Alipoulizwa kazi aliyoifanya zamani, mikono yake ilishika sepetu isiyokuwepo ikawa inatupa udongo. Alikuwa mchimbaji mitaro.

Vile vidole vinasema mengi. Hesabu ilikuwamo kichwani, timamu. Mzee alijua kabisa kwamba neno lililomtoka silo, ndiyo maana akalisahihisha kwa mkono papo hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu majumbani mwetu mtu akipoteza maneno baada ya kiharusi huanza kusemewa na kila mmoja. Wageni humuuliza mkewe kama mzee amekula, na mzee mwenyewe kaketi hapo hapo, anasikia.

Vitabu vingi huanza historia ya kutafuta makao ya usemi ubongoni na mgonjwa mwingine wa Bicêtre, Leborgne, aliyeishi hospitalini humo miaka 21 akiitwa “Tan”, kwa kuwa hiyo ndiyo sauti aliyojibu nayo kila swali. Alifariki tarehe 17 Aprili 1861, siku chache baada ya Broca kumpokea. Umaarufu wake ni wa haki, ila maradhi yake yalimla polepole kwa miaka mingi, na ubongo wake ulikuwa umeharibika sehemu kubwa. Lelong alipofariki Novemba, jeraha la ubongo wake lilikuwa dogo, na lilikuwa ndani ya eneo lile lile lililoharibika kwa Leborgne: upande wa kushoto, sehemu ya chini ya paji la ubongo, kwa nyuma. Broca mwenyewe aliandika kwamba alipigwa na butwaa.

Kufikia 1865 alikuwa na wagonjwa wa kutosha kutamka kwamba binadamu husema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Ni haki kumtaja pia Marc Dax, daktari wa kusini mwa Ufaransa, aliyekwisha kuandika hivyo mwaka 1836. Andiko lake lilikaa hadi mwanawe akalichapisha 1865, yeye akiwa marehemu.

Upande huo huo wa kushoto ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Mshipa unaolisha sehemu hizo ukiziba au ukipasuka, seli hukosa hewa na kufa. Ndiyo sababu aliyepooza kulia mara nyingi hupoteza na maneno.

Mwaka 1874 Carl Wernicke, kijana wa miaka 26 huko Breslau, alieleza sura nyingine ya ugonjwa huu, ambao kwa sasa huitwa afasia. Wagonjwa wake walisema kwa wepesi, sentensi zikifuatana, lakini maneno hayakushikana, na wakiambiwa jambo hawakulielewa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, karibu na sikio. Mgonjwa wa namna hii ni rahisi kudhaniwa amerukwa na akili, hasa akiwa hana dalili ya kupooza.

Broca hakuzikata bongo za Leborgne na Lelong. Alizihifadhi nzima kwenye spiriti, na uamuzi huo ulizaa matunda baada ya karne moja na nusu. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Nina Dronkers walichapisha picha za bongo hizo zilizopigwa kwa mashine ya MRI. Waliona ambacho Broca, aliyetazama juu juu tu, asingeweza kukiona: kwa wagonjwa wote wawili jeraha lilizama ndani, likaikata njia ya nyuzi ndefu inayounganisha sehemu za mbele za ubongo na za nyuma. Kwa Lelong, hata eneo linalobeba jina la Broca leo halikuharibika lote. Sehemu yake ya mbele ilikuwa nzima.